Jina Ambalo Felista Hakuweza Kulitaja

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipa simu yake nimsomee barua ya kuomba kazi kabla hajaituma. Ilianza na "Habari za majukumu mkuu", ikaendelea na "natumaini u mzima wa afya", ikamalizika kwa picha ya viganja viwili vilivyobanwa pamoja. Kazi yenyewe anayoiomba haikutajwa popote. Nilipomwuliza anaomba kazi gani, alisema watajua tu, si tangazo ni lao. Nikamrudishia simu nikamwambia akae chini. Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayowaandikia ninyi nyote, kwa sababu nasikia hayuko peke yake.

Naitwa Leonsia. Ni Mhangaza, mzaliwa wa Kanazi kule Ngara, kwa watu wa migomba na misa ya Jumapili. Kazi ya ukarani niliifanyia Biharamulo, katika ofisi ya wilaya, tangu watu wanahamia vijiji vya ujamaa mpaka vita ya Kagera ikaja na kwisha, na miaka mingi baada ya hapo. Barua nilizopiga chapa sina hesabu yake. Nyingi nimezisahau, na waliozipokea bila shaka wamezisahau pia. Kuna moja siisahau kwa sababu niliiharibu, na kwa kuiharibu nikakaribia kumfanya mtu aliye hai aombolezewe. Nitaifikia. Kwanza nimtaje aliyenifundisha, maana mema yote mtakayoyakuta humu ni yake na makosa ni yangu.

Karani mkuu wetu alikuwa Mzee Idi, Msubi wa pale pale Biharamulo, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya mkubwa wa ofisi. Mfukoni hakukosa kahawa ya kutafuna, na alikuwa akitafuna punje moja kwa kila barua aliyoisoma. Ukimwona anachukua punje ya pili, ujue barua yako ina matatizo. Akizungumza, r na l zilimpotea, alisema "balua" mpaka siku anastaafu. Akiandika, mimi niliyefundishwa na masista sikuwahi kumkamata na kosa hata moja, na Mungu anajua nilivyojaribu.

Siku yangu ya kwanza alinipa kazi ya kuandika barua ya kuomba bati kwa ajili ya shule ya kijiji iliyoezuliwa na upepo. Nilijaza kurasa mbili. Nilitaka aone kuwa nimesoma. Hakuzisoma. Alitoka nje, akaazima mkungu wa ndizi kwa mama mmoja aliyekuwa anaelekea sokoni, akaja kunitwisha kichwani nikiwa na gauni langu jipya la kuanzia kazi. Akaketi, akaniambia nimweleze shida ya hiyo shule. Nikaanza kwamba kwa heshima na taadhima napenda kuchukua nafasi hii adhimu. Akatafuna kahawa. Nikaendelea na umuhimu wa elimu kwa taifa linalojitegemea. Akachukua punje ya pili. Shingo ikaanza kuniuma, utomvu ukanidondokea begani, nikasema kwa hasira kwamba upepo umeondoa paa, watoto wanakaa juani, tunaomba bati arobaini kabla mvua hazijaanza.

"Tua mzigo," alisema. "Hiyo ndiyo balua. Kaipige."

Doa la utomvu halikutoka kwenye lile gauni. Nililivaa hivyo hivyo miaka mitatu. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuandika "kuchukua nafasi hii adhimu", na ninyi nawaomba msiandike. Ukikwama kuanza barua, usikodoe macho kwenye karatasi. Beba kitu kizito, ndoo ya maji hata begi la mtoto, umweleze mtu shida yako huku umekibeba. Utakachokisema kabla ya kukitua ndicho cha kuandika.

Umbo la barua rasmi alinifundisha kwa kunieleza kila sehemu inafanya kazi gani, na kwa sababu hiyo silisahau. Anwani yako inakaa juu upande wa kulia ili anayetaka kukujibu asikutafute. Kumbukumbu namba ni ya karani wa masjala, yule atakayetumwa kulitafuta jalada kati ya majalada mia. Ukiisahau umemtesa mtu usiyemjua. Tarehe ni shahidi wako, siku watakaposema ulichelewa. Anwani ya unayemwandikia inakaa kushoto, na utaandika cheo chake, usiandike jina, maana mtu huhamishwa na cheo hubaki na kiti. Kama una mkubwa wako, barua inapitia kwake, na unaandika k.k., yaani kupitia kwa, ili asije akasikia habari zako sokoni. Kisha "Ndugu", kama tulivyoitana wote siku zile, mkubwa na mdogo, ingawa wapo wazee walionuna kuitwa ndugu na msichana wa umri wangu. Halafu inakuja Yah., yaani yahusu, na hapo Mzee Idi alikuwa anasimamisha kidole. Alisema mkubwa mwenye barua hamsini mezani anasoma mstari huo tu, ndipo anaamua kama anaendelea au anakwenda kunywa chai. Chini unaweka sahihi, jina lako kamili lisomeke, na cheo. Sahihi bila jina aliiita mikwaruzo ya kuku.

Mengine hayamo kwenye vitabu. Kulikuwa na wazee wa kijiji kimoja kipya waliokuja na barua waliyoiandika wenyewe kwenye daftari la shule, kurasa tatu. Kijiji chao kilikuwa kimewekwa mahali pazuri pa kulima lakini maji yako mbali, wake zao wanaondoka alfajiri wanarudi jua la utosi. Barua ilimsalimu mkubwa wa ofisi, ikamsalimu mkewe, watoto wake mmoja mmoja bila majina, migomba yake, na ng'ombe wake ambao hakuwa nao. Ilimwuliza kama mvua imenyesha kwake. Maji yalikuja mwisho kabisa, yamebanwa pembeni mwa ukurasa wa tatu kwa sababu nafasi ilikwisha.

Mimi nilicheka. Mzee Idi hakucheka. Alitoka kwenye kiti chake, akaenda kukaa nao kwenye benchi, akaanza kuwasalimia kwa lugha yao mmoja baada ya mwingine, na wao wakamsalimia, wakaulizana watoto, wakaulizana ng'ombe, wakaulizana mvua. Ilichukua nusu ya asubuhi. Kwetu huwezi kuanza na shida, utaonekana umelelewa na fisi, na wale wazee wasingetia dole gumba kwenye barua isiyo na salamu hata ungewapa kijiji kizima. Salamu zilipokwisha kabisa, aliwaambia kwamba zote amezipokea na atazifikisha kwa mdomo, kwa hiyo karatasi sasa ibebe maji peke yake. Wakakubali. Barua ikawa aya tatu. Na nilimwona kwa macho yangu akiingia kwa mkubwa, akasimama wima, akamfikishia salamu za mkewe, watoto, migomba na ng'ombe, neno kwa neno, kabla hajaweka barua mezani. Mkubwa alibaki kinywa wazi. Mwaka uliofuata kijiji kilisogezwa karibu na kijito.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzivunja. Ya kwanza, kila barua ilisomwa kwa sauti mbele ya Petro, mlinzi wetu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa. Ukimaliza unamwuliza Petro barua inataka nini. Petro akikosea, unapiga upya. Kuna siku nilipiga barua moja mara nne kwa ajili ya Petro, nikamchukia kama ugonjwa. Sheria ya pili, mwenye shida asomewe barua yake yote, mwanzo mpaka mwisho, kabla haijatiwa kwenye bahasha. Hiyo ya pili ndiyo niliyoivunja.

Ulikuwa mwaka wa vita. Vijana wa mgambo walikuwa wamekwenda kaskazini, malori yalipita mchana kutwa yakielekea huko, na benchi letu lilijaa wazazi na wake wanaotafuta habari. Mzee Idi akaugua malaria, nikaachiwa meza yake kwa wiki mbili. Kichwa kikanivimba. Nilikalia kiti chake, na nakiri kwamba nilijaribu hata ile kahawa.

Ndipo akaja Felista. Alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, Mhangaza mwenzangu, aliyeolewa katika kijiji kimoja upande wa Biharamulo, mwendo wa saa nne kwa miguu. Alitaka barua ya kuuliza habari za mume wake aliyekwenda na mgambo. Miezi imepita, hajasikia neno. Nikamwuliza jina la mume. Akasema Baba Yusta. Nikamwambia hilo ni la nyumbani, nahitaji la kuandikia. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, Gaspari. Nikauliza, Gaspari nani. Akanyamaza.

Nilielewa mara moja, na ndiyo maana naona aibu hadi leo. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au awe kaburini. Mama yangu mzazi aliishi na kufa bila jina la babu yangu kupita kinywani mwake. Na mgambo walikuwa wameandikishwa kwa jina la mtu na jina la baba yake. Felista alikuwa ameulizwa kitu anachokijua vizuri na asichoweza kukisema. Mtu mwingine angemlazimisha. Mimi nikajiona mwerevu mwenye adabu, nikaamua nimsitiri. Nikaenda masjala nikatoa nakala ya daftari la kijiji chao, nikakuta kaya yao imeandikwa chini ya kaka mkubwa wa Gaspari, shemeji yake Felista, jina lake Sirili, kwa kuwa wakati wa kuhamia walijenga kiwanja kimoja. Nikachukua jina la pili la Sirili nikambandika Gaspari.

Sasa ninyi mliozoea familia nzima kuwa na jina moja mtaniuliza kosa liko wapi. Kwetu watoto wa tumbo moja kila mmoja hupewa jina lake anapozaliwa, na lile la pili la Sirili lilikuwa la Sirili mwenyewe. Hilo nililijua kama Mhangaza. Nilipoketi mbele ya mashine nikawa karani, nikalisahau. Na sikumsomea Felista barua, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa na kwa sababu nilifikiri nikisoma jina kwa sauti nitamtia aibu. Nilimpa mkono, nikamwambia aende salama. Alinishukuru sana.

Jibu lilikwenda moja kwa moja kijijini. Lilisema hakuna mtu mwenye jina hilo katika orodha. Katibu wa kijiji alilisoma mbele ya ukoo, na ukoo ukalielewa kwa namna moja tu. Mtu alikwenda vitani, sasa hayumo kwenye orodha. Kilio kikaanza jioni ile ile.

Felista alikuja ofisini siku mbili baadaye, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu kana kwamba kuna mtu atakivuta. Mzee Idi alikuwa amerudi, amekonda, koti linamning'inia. Felista alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasimama. Alikataa kukaa. Alieleza kwamba wamepanga Jumapili anyolewe nywele. Kwetu akishanyolewa ni mjane, na baada ya hapo wazee watakaa wazungumze atakuwa katika nyumba ya nani. Hakumsema vibaya shemeji yake. Alisema Sirili ndiye amemlimia shamba miezi yote hiyo, na analia kwa kweli, usiku halali. Ila yeye mwenyewe hajaona maiti wala hajaona kaburi wala mtu aliyemwona akianguka.

"Siwezi kunyolewa na karatasi, baba," alisema.

Mzee Idi aliagiza jalada. Akasoma nakala ya barua yangu. Akatafuna punje moja, ya pili, ya tatu. Akamwuliza Felista kama alisomewa. Akajibu hapana. Akamwonyesha jina la pili kwa kidole, akamwuliza ni la nani. Felista, ambaye aliweza kusoma, aliangalia, akasema ni la shemeji. Mzee Idi akanitazama mara moja tu, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Nilianza kumweleza habari za mila, akanikatiza, akasema mila hiyo aliijua kabla sijazaliwa.

Ilikuwa Jumatano. Lori la kwenda Bukoba, kwenye ofisi yenye orodha za mgambo, lilikuwa linaondoka mchana ule. Kumtuma mtu kijijini akaulize jina na kurudi kungekula siku nzima, na lori lingine lisingepatikana mpaka wiki inayofuata. Niliona hakuna njia ila mwanamke huyu afungue kinywa, na niliona pia kwamba hatafungua. Alikuwa akitokwa jasho. Mtu asiyetoka kwetu atasema taja tu, nani atakusikia. Lakini kitu ulichokatazwa tangu siku ya harusi hukitoi kirahisi namna hiyo, hasa siku ambayo unamwomba Mungu mume wako awe hai.

Mzee Idi alimwuliza kama alikwenda kisomo. Miaka ile watu wazima wote walikuwa wakisoma, jioni chini ya taa ya kandili au mchana baada ya shamba. Felista alisema alikwenda, na alipata cheti. Mzee akafuta meza kwa mkono wa koti, akamsogezea karatasi na kalamu yake mwenyewe, kalamu ambayo mimi sikuruhusiwa kuigusa.

"Ulimi umekatazwa," alimwambia. "Mkono je, umekatazwa?"

Felista aliutazama mkono wake. Petro alikuwa mlangoni, benchi zima limegeukia meza.

"Mkono hawakuusema," alijibu.

Alijifuta viganja kwenye kitenge, akainama, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, akirudi kukazia kila mstari kama walivyofundishwa. Alipomaliza aliigeuza karatasi kifudifudi. Mzee Idi aliichukua, akalisoma jina kimya kimya, na naye hakulitamka. Alinipa mimi niende mashineni. Jina hilo silitaji hapa pia, kwa heshima ya huyo mama.

Akaniamuru niandike anachosema. Nakala ninayo mpaka leo, nainukuu mwili wake wote ili mwone ulivyo mfupi:

"Tafadhali rejea barua yetu yenye kumbukumbu iliyotajwa hapo juu. Jina la pili lililoandikwa katika barua hiyo si la mhusika. Kosa ni la ofisi hii, si la mwombaji. Jina sahihi ni hilo lililo kwenye kichwa cha barua.

Mke wake anaomba kujua kama yu hai na yuko wapi.

Tunaomba jibu mapema, kwa kuwa ukoo umekwisha kujiandaa kumwombolezea."

Nilipofika kwenye "kosa ni la ofisi hii" vidole viligoma. Nilimwambia kwamba tungeweza kuandika "kumetokea hitilafu", au "jina liboreshwe lisomeke hivi", barua nyingi zinaandikwa hivyo. Niliogopa kumwaga unga wangu na sikuficha. Alinisikiliza. Kisha akaniambia kwamba anayesoma kule amekwisha kufungua orodha mara moja kwa jina hili la Gaspari, na hakumpata. Tukimficha kwamba tulikosea sisi, atafikiri mke anabahatisha majina, na hatainuka kwenye kiti mara ya pili. Akasema nipige kama alivyosema. Nikapiga huku nalia, na yeye akatia sahihi yake chini, jina lake kamili na cheo chake. Langu halimo. Mtu wa kulaumiwa, kama angekuwepo, angekuwa yeye. Mimi nimefanya kazi na wakubwa wengi, waliosoma kuliko yeye na wenye magari, lakini wa kumlinganisha naye katika hilo sijampata.

Petro akasomewa. Mzee alipofika kwenye jina aliligusa kwa kidole tu, akaruka. Akamwuliza Petro barua inataka nini. Petro akasema inauliza kama mtu yu hai. Kisha akasomewa Felista, yote, na pale penye jina akaonyeshwa kwa kidole alihakikishe kwa macho. Akaitikia kwa kichwa.

Haikuishia hapo. Mzee Idi alichukua nusu karatasi, akaandika kwa mkono barua nyingine kwa Sirili na wazee wa ukoo, akaanza na salamu ndefu kama wanavyopenda. Aliwaeleza kwamba barua ya kwanza ilimwulizia mtu ambaye hakuzaliwa, kwa hiyo jibu lake halimhusu ndugu yao, na kwamba barua ya pili imeondoka leo, tena akaandika kumbukumbu namba yake. Akawaomba wasimnyoe mtu kwa jibu la barua ya kwanza. Halafu akagonga mhuri. Mhuri haukustahili kugongwa kwenye barua ile, haikuwa ya kazi, na yeye ndiye aliyekuwa akitukaripia kwa kuuchezea. Aliugonga mara mbili, akampa Felista aibebe. Kisha akaichukua bahasha ya Bukoba akaipeleka mwenyewe kwenye lori, na viatu vyake, kwa matope yale.

Nawaambieni haya ninyi mnaoandika kwa simu mkiwa mmelala chali. Barua rasmi si ya kuonyesha Kiswahili kigumu. Ni ya kumwinua mtu usiyemjua kutoka kwenye kiti chake akufanyie jambo. Mpe sababu ya kuinuka, mpe jina sahihi, kiri ulipokosea, useme unachotaka bila kuzunguka. Na kama unamwandikia mtu mwingine shida yake, msomee. Usimhurumie kwa kumkisia. Mimi nilimhurumia Felista kwa kumkisia, na huruma yangu ikakaribia kumvua ndoa. Mzee Idi alimwamini kwamba anaweza kuitatua shida yake mwenyewe, akampa kalamu. Hilo ndilo nililotaka kuwaachia, mengine mtayapata darasani.

Ukoo uliahirisha. Sirili aliupokea ule mhuri kwa mikono miwili, nasikia, akasema basi na tungoje.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, bahasha ya kahawia, imeandikwa kwa Ndugu Felista, k.k. ofisi yetu. Mzee Idi alikataa kuifungua. Alisema imepitia kwetu, haikuja kwetu. Alituma ujumbe kijijini, tukakaa na ile bahasha siku mbili mezani. Mimi niliinua mara kadhaa nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akanikaripia, na jioni nikamwona na yeye anafanya vile vile.

Felista alikuja na Sirili. Nywele zilikuwepo, zimesukwa. Sirili alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono ya jembe, na hakujua kusoma. Mzee Idi alimpa Felista bahasha, na nilipotaka kumsaidia akanizuia. Aliifungua kwa uangalifu asichane mhuri. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya maneno, kama alivyofundishwa kisomoni. Alisoma anwani. Alisoma kumbukumbu namba, tarakimu zote. Alisoma "Yah., Kuuliza habari za Ndugu Gaspari", akasimama.

Jina lilikuwa pale, lile aliloliandika kwa mkono wake. Kidole chake kilikuwa juu yake. Hakuweza kuliruka, maana tangu kisomoni hawakumfundisha kuruka neno, na hakuweza kulisema. Hakuna aliyejua kilicho chini ya mstari ule. Nilimtazama Mzee Idi, na yeye alikuwa amemtazama Sirili.

Sirili alielewa. Alivua kofia, akakohoa, akalitamka jina la baba yake, kwa sauti ya wazi, mbele yetu sote. Ndipo Felista akaendelea kusoma kwamba mtu mwenye jina hilo yu hai, amejeruhiwa mguu, amelazwa hospitali, na ataruhusiwa kurudi nyumbani atakapoweza kutembea.

Sirili alikaa chini kwenye sakafu, si kwenye benchi. Alimwomba shemeji yake asome tena, tangu juu. Felista akasoma tena. Alisoma mara tatu, na kila alipofika pale alinyamaza, na Sirili, machozi yakimtoka, akamtajia.